Klabu ya Fensi Tabaka: Msinijengee Vioo, Nipeni Ufunguo



Nilipomwambia baba mdogo kwamba nataka banda la mzee liwe klabu ya fensi, aliniuliza kama nishahesabu nguzo na roli za seng'enge. Sikumcheka. Miaka mitatu iliyopita hata mimi ningeuliza hivyo hivyo, kwa sababu huku kwetu fensi ni ile ya kuzuia ng'ombe wa jirani asiingie kwa mahindi yako. Nikamweleza kwamba hii ni ile fensi ya vitara. Watu wawili, maski usoni, nguo nyeupe, kila mmoja na upanga mwembamba usio na makali, na kazi yako ni kumgusa mwenzako kabla hajakugusa. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na kodi atalipa nani?"

Swali zuri sana hilo. Tutalirudia.

Kwanza mjue hali ilivyo. Banda liko hapa Tabaka, kando ya barabara, urefu mita 21 na upana mita 8. Nimelipima mwenyewe mara mbili. Kwa miaka mingi lilikuwa ghala la mawe ya Kisii: vinyago, bakuli, viboko wadogo, seti za chesi, vyote vikifungwa kwa majani makavu ya migomba na kuingizwa kwa makatoni. Kifua cha mzee kilipokataa vumbi, kazi ikapungua, na banda likabaki tupu. Sasa kuna jamaa anataka kulikodi aweke duka la pombe. Yuko tayari kulipa miezi mitatu mbele. Mathe amesema familia itaamua Disemba.

Kwa hivyo hii si ile stori ya "siku moja nitajenga". Niko na hadi Disemba kuwashawishi watu wanne wanaokaa meza moja na mimi. Na nikiwa mkweli, kabla ya kuwashawishi wao ilibidi kwanza niibomoe picha iliyokuwa kichwani mwangu.

Mimi ndiye yule aliyeacha chuo. Nilikuwa nasomea usanifu wa majengo, na mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuchora kituo cha michezo. Buda, nilichora! Ukuta wa mbele wote vioo, mkahawa, viti vya watazamaji 500, sehemu ya mapokezi yenye maua. Nilipata maksi za juu. Hakuna mtu aliyeniuliza atakayefagia ni nani, au saa kumi jioni mtoto akifika, ufunguo atapata kwa nani. Semista iliyofuata karo ikaisha, nikarudi nyumbani na michoro yangu imeviringishwa. Leo nikiitazama ile michoro naona jengo la kukata utepe. Waheshimiwa wangepiga picha, wangekula, wangeenda, na mlango ungefungwa.

Hoja yangu ni hii: klabu bora ya fensi kwa mji kama wetu ni sakafu nzuri, benchi la fundi, na ufunguo unaopatikana kila siku. Hivyo vitatu vikikosekana, hata ujenge kwa dhahabu, umejenga stoo.

Mbona fensi?

Najua unauliza. Wengi wetu tuliusikia huu mchezo kwa sababu ya Alexandra Ndolo. Mama yake ni Mpoland, baba yake ni Mkenya, na alizaliwa Ujerumani. Mwaka 2022 alishinda medali ya fedha ya ubingwa wa dunia pale Cairo akiiwakilisha Ujerumani. Baada ya hapo akaamua kuchezea Kenya, nchi ambayo hata shirikisho la mchezo huu yeye mwenyewe alisaidia kulianzisha. Mwaka 2024 alifuzu Olimpiki ya Paris kupitia mchujo wa Afrika, akawa Mkenya wa kwanza kucheza fensi kwenye Olimpiki. Alitolewa mapema, lakini jina la Kenya lilikuwa limeandikwa mgongoni mwake.

Halafu kuna Tsavora Fencing Mtaani kule Nairobi, iliyoanzishwa na Mburu Wanyoike kwa ajili ya vijana wa mitaa kama Mathare. Soma hilo jina tena. Neno "mtaani" liko ndani ya jina la klabu. Hao hawakungoja mtu awajengee jumba ndio waanze.

Na jambo jingine lililonifungua macho: unajua fensi ya Paris 2024 ilichezewa wapi? Grand Palais, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1900. Haukujengwa kwa ajili ya fensi. Olimpiki yenyewe iliazima jumba la maonyesho, ikatandika pisti, ikaweka taa, mchezo ukaendelea. Kama Paris inaweza kuazima ukumbi wa maonyesho, Tabaka inaweza kuazima ghala la mawe. Si ni Paris hiyo hiyo ambako ndege wa amani wa Elkana Ong'esa, msanii wetu wa Gusii, amesimama kwenye makao makuu ya UNESCO? Kazi ya mikono ya huku ilishafika huko zamani. Sisi ndio tuko nyuma.

Sasa tuingie ndani ya banda.

Sakafu kwanza, mengine baadaye

Fensi huchezewa kwenye pisti, yaani ukanda mrefu mwembamba. Urefu ni mita 14, upana ni kati ya mita moja na nusu na mbili. Kila mwisho unahitaji nafasi ya ziada, kwa sababu mtu akirudishwa nyuma kwa kasi hawezi kusimama palepale kama gari lililozimika. Weka mita mbili kila upande. Jumla mita 18. Banda letu lina 21, kwa hivyo zinabaki tatu za stoo na benchi la fundi.

Upana nao: mita moja kutoka ukutani, pisti ya mita moja na nusu, nafasi ya mita mbili katikati, pisti ya pili ya mita moja na nusu, halafu mita mbili za meza ya taa, marefa na watu wa kusubiri. Jumla mita 8 kamili. Sikuamini mara ya kwanza, nikapima tena. Ni kama mzee alijenga akijua.

Lakini sakafu ya sasa ni saruji tupu. Fensi ni mchezo wa kuruka mbele ukitua na kisigino, mara mamia kwa jioni moja. Ukicheza hivyo juu ya saruji kila wiki, magoti yatakuandikia barua. Kwa hivyo pesa ya kwanza kabisa inaenda kwa mbao: fito chini, vipande vya matairi ya zamani kati ya fito na saruji ili sakafu inepe kidogo, na mbao juu. Mikaratusi iko kila mahali huku, ila lazima ikauke kabisa. Mbao mbichi zikipigwa misumari mwezi wa nne, kufikia mwezi wa nane sakafu inafanana na mawimbi ya ziwa.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna kitabu cha usanifu kitakuambia, kwa sababu mwandishi hakukulia Tabaka. Vumbi letu linateleza. Jiwe la Kisii ni laini kwa sababu lina ulanga ndani, ule ule unaotengenezewa poda ya watoto. Kila mtu hapa anatembea nalo kwa viatu, kwa suruali, kwa nywele. Vumbi hilo likiingia juu ya mbao, mtoto akiruka mbele, mguu unaenda na hauna breki. Halafu ni vumbi hilo hilo lililomharibia mzee kifua. Kwa hivyo klabu yangu inaanza nje ya mlango: bomba la maji, benchi la kubadilishia viatu, kitambaa kibichi cha kukanyaga. Ndani unaingia na viatu vya ndani au soksi. Sakafu inapanguswa kwa maji kabla ya kila kikao. Ufagio mkavu ni marufuku, kwa sababu unahamisha tu vumbi kutoka sakafuni hadi kwenye mapafu.

Hiyo ni saa mbili kila jioni ambazo mtoto wa Tabaka anavuta hewa safi. Hata kama hatawahi kushinda medali, hizo saa mbili mimi nazihesabu.

Jua, mvua na radi

Watoto watakuja saa kumi wakitoka shule. Saa kumi jua liko magharibi na linashuka. Pisti zetu zitaelekea mashariki na magharibi kwa sababu banda limekaa hivyo. Sasa fikiria uko na maski, unatazama ncha ya upanga wa mwenzako kupitia wavu wa chuma, na jua linakupiga machoni moja kwa moja. Umekwisha. Kwa hivyo ule mlango mkubwa wa upande wa magharibi, uliokuwa wa kupakia makatoni, unazibwa kabisa kwa matofali. Mlango mpya unafunguliwa upande wa barabara. Mwanga utaingia kwa kuta ndefu, juu, chini tu ya paa, kupitia wavu. Hapo hapo ndipo joto litatokea.

Mvua yetu mnaijua. Mchana kukiwa na jua kali, jioni inamwagika kama imetumwa. Ikipiga mabati, mwalimu anaweza kupiga kelele hadi sauti iishe na hakuna atakayemsikia. Nataka silingi ya mikeka ya mafunjo, ile inayoletwa kutoka upande wa ziwa, ipunguze kishindo. Mfereji pembeni mwa paa, maji yaende kwa tangi, tangi lilishe lile bomba la mlangoni. Mvua ikizidi kabisa, tunatumia ishara za mikono. Marefa wa fensi tayari wana ishara zao, kwa hivyo watoto watakuwa wanajifunza kitu.

Na radi. Watu wa kwingine wanadhani tunatania tukisema Kisii ina radi. Sasa katika fensi ya umeme, kila mchezaji anapitishwa waya ndani ya mkono wa jaketi, waya unatoka mgongoni, unaunganishwa na mashine ya taa. Yaani unamfunga mtoto waya halafu unamweka chini ya mabati kukiwa na ngurumo? Zii. Kifaa cha kukingia radi kinawekwa juu ya paa kabla ya kununua hata upanga mmoja, na sheria inaandikwa ukutani: ngurumo ya kwanza ikisikika, waya zote zinachomolewa. Tunaendelea bila umeme, marefa wanatumia macho. Mchezo huu ulichezwa hivyo kwa muda mrefu. Taa za umeme zilitumika kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kule Berlin. Stima ikipotea, na itapotea, hatuendi nyumbani.

Silaha moja tu

Fensi ina silaha tatu: foili, epe na seba. Klabu nyingi zinataka zote tatu zionekane kamili. Mimi nasema tuanze na epe peke yake, na sababu zangu ni za mfukoni na za haki.

Kwa foili na seba, lazima uvae juu ya jaketi fulana nyingine yenye nyuzi za chuma, ndio mashine ijue umeguswa mahali panaporuhusiwa. Kwa epe mwili mzima unaruhusiwa, kutoka kidole cha mguu hadi kwenye maski, kwa hivyo hiyo fulana haihitajiki. Gharama moja imetoka.

Pili, sheria. Kwa foili na seba, mkigusana pamoja refa anaamua nani alikuwa na haki ya kushambulia. Unahitaji jicho lililofunzwa. Kwa epe, aliyegusa kwanza anapata pointi, na mkigusana karibu kwa pamoja, ndani ya sehemu ya 25 ya sekunde, kila mmoja anapata. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuamua pambano la wenzake na asiitwe mwizi. Katika mji ambao kila mechi ya mpira inaishia kwa "refa amenunuliwa", hilo si jambo dogo.

Tatu, ndiyo silaha ya Ndolo. Mtoto akitazama video zake, anaona kitu kile kile alichokishika jioni.

Benchi la fundi

Hapa ndipo michoro yangu ya chuo ilikuwa na mkahawa. Sasa kuna benchi la mbao, jiliwa, bisibisi ndogo, kipimo cha waya, taa, na kabati linalofungwa lisiloingiza unyevu.

Upanga wa epe hauzidi gramu 770, lakini ndani yake una waya mwembamba uliogundishwa kwenye mfereji wa chuma, na kwenye ncha kuna kitufe chenye chemchemi. Kila siku kuna kitu kitakatika, na kwa unyevu wa huku kitakachopona kukatika kitashika kutu. Klabu isiyo na fundi, ndani ya mwaka mmoja ina panga kumi na mbili ukutani na mbili zinazofanya kazi. Mmeona maabara za kompyuta za shule zetu, si ndiyo? Mashine 30 zimefunikwa vitambaa, moja inawaka. Shida ni kwamba zilikuja na sherehe bila bisibisi.

Na si suala la pesa tu. Mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia pale Roma, kisu cha upanga wa Mjerumani Matthias Behr kilivunjika katikati ya pambano, kikapenya maski ya bingwa wa Olimpiki, Vladimir Smirnov. Smirnov alifariki. Baada ya hapo viwango vya maski, mavazi na chuma cha panga vilipandishwa sana, na leo mchezo huu ni salama kuliko watu wanavyodhani. Lakini ni salama kwa sababu kuna mtu anakagua. Wavu wa maski unasukumwa kwa kifaa cha kilo 12 kuona kama utakubali. Kisu kilichopinda vibaya kinatolewa. Kama hakuna anayekagua, usifungue mlango.

Sasa niambie, ni mji gani Kenya hii una watoto wanaojua zana kama wetu? Hapa mtoto wa darasa la sita anajua kunoa kisu, anajua msasa wa kuanza na wa kumalizia, anajua kusikiliza jiwe likiwa na ufa. Ncha ya epe inapimwa kwa kuwekewa uzito wa gramu 750 juu yake, na chemchemi lazima iuinue. Huo uzito tunaweza kuuchonga wenyewe kwa jiwe letu, tukiupunguza kidogo kidogo kwa msasa hadi mizani iseme 750. Nilipomwambia mzee hilo, ndiyo mara ya kwanza aliketi vizuri kwenye kiti. Akauliza, "Gramu 750 kamili?" Nikasema kamili. Akasema, "Niletee mizani."

Mzee hawezi tena kuchonga siku nzima. Lakini anaweza kukaa kwenye benchi saa mbili, mahali pasipo na vumbi, akiwafundisha watoto wanne kwa zamu. Ndio maana siliweki hilo benchi nyuma gizani. Liko karibu na mlango, kila anayeingia analiona.

Wasichana, na wale wasiotembea

Kuna mambo mawili ukiyaacha "tutaongeza baadaye", hayaongezwi.

La kwanza ni chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na choo chenye maji. Msichana wa miaka 14 hatakuja mahali anapobadilisha nguo nyuma ya gunia. Mathe alilisema hili kabla yangu. Wanawake wa Tabaka ndio wanaolainisha haya mawe kwa msasa na maji tangu asubuhi, na klabu ya watoto wao haiwezi kuwa ya wavulana pekee kwa sababu ya bawaba ya mlango. Kuongezea, dirisha la upande wa barabara liwe kubwa, mzazi akipita aone mtoto wake anafanya nini na yuko na nani. Na kikao kiishe giza halijaingia.

La pili ni njia ya mteremko mlangoni badala ya ngazi. Fensi ya viti vya magurudumu ilichezwa tangu Paralimpiki ya kwanza, Roma 1960. Viti vinafungwa imara kwenye fremu, havisogei, mnapigana kwa mwili wa juu na mkono. Fremu moja tu, fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa stendi anaweza kuiunda. Kwa mtoto aliyezoea kukaa pembeni akitazama wenzake wakicheza mpira, hiyo fremu ni kiwanja kizima.

"Mchezo wa matajiri, tena wa panga"

Nimeyasikia yote. Msee mmoja aliniambia, "Gusii hii tumeona panga za kutosha wakati wa siasa, sasa wewe unataka kufundisha watoto?" Namwelewa, na simchukulii kama mjinga. Lakini nilichokiona siku niliyoshika epe kwa mara ya kwanza, nikiwa Nairobi kushuti video, ni kinyume. Huruhusiwi kuinua silaha kama mwenzako hajavaa maski. Kabla ya pambano unamsalimu mpinzani, unamsalimu refa. Mkimaliza mnasalimiana tena, hata kama umepigwa 15 kwa 3, na ukikataa sheria inakuadhibu. Nilipigwa na msichana wa sekondari hadi nikaona aibu, halafu akanipa mkono na kunionyesha kosa langu lilikuwa wapi. Sijawahi kumaliza mechi ya mpira hapa Tabaka namna hiyo.

Kuhusu utajiri: ni kweli vifaa ni ghali na vinatoka nje. Ndiyo maana nasema silaha moja, pisti mbili, vifaa vya kushirikiana. Watoto 16 kwa kikao: wanne wanapigana, wawili wanaamua, wawili wako kwenye meza ya taa, wanne wako uani wakifanya mazoezi ya miguu, wanne wako kwa benchi la fundi. Halafu mnabadilishana. Hakuna aliyekaa bure, na humhitaji kila mtoto awe na seti yake.

Na kuhusu "kwa nini si mpira?": mpira tunao, na Shabana tunaipenda hadi inatuumiza. Lakini mpira unataka uwanja, na Kisii ardhi imegawanywa hadi mipaka inapita katikati ya migomba. Sisi tuko na banda la mita 21.

Turudi kwa kodi

Baba mdogo aliuliza nani atalipa. Jibu langu la kwanza lilikuwa wafadhili. Nimelifuta. Mfadhili anajenga, anapiga picha, anaenda, na ufunguo unabaki kwa mwenyekiti ambaye hapatikani kwa simu. Kumbi za namna hiyo mnazijua, kila mmoja wetu anaweza kutaja moja.

Jibu la sasa ni hili. Asubuhi, watoto wakiwa shuleni, upande mmoja wa banda unakuwa chumba cha maonyesho cha wachongaji: kazi zilizokamilika tu, hakuna kuchonga wala msasa ndani. Rafu ziko ukutani kwenye ile mita moja ya kando, zinafunikwa mbao saa kumi kasorobo. Kila mchongaji analipa kidogo kwa mwezi. Haitafikia pesa ya yule jamaa wa pombe, na nimemwambia mathe hivyo bila kuficha. Itakuwa karibu nusu yake. Hiyo nusu nyingine ndiyo bei halisi ya klabu, na familia inapaswa kuijua kabla ya kukubali, badala ya kuigundua mwezi wa tatu.

Ufunguo utakuwa na nakala tatu: mmoja kwa mathe, mmoja kwa mwalimu, mmoja kwa mtoto mkubwa wa zamu ya wiki hiyo, jina lake limeandikwa kwa chaki mlangoni. Najua mna wasiwasi na huo wa tatu. Mimi pia niko nao. Lakini nikiondoa huo, ninarudi kwenye mchoro wangu wa chuo, jengo zuri linalomngoja mtu mzima afike.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, nitachora pisti ya kwanza kwa chokaa juu ya ile saruji: mita 14, mstari wa katikati, mistari miwili ya kuanzia kila mmoja mita mbili kutoka katikati. Bado hakuna mbao, hakuna epe hata moja. Tutafanya mazoezi ya miguu tu, polepole, tusiumize magoti. Baba mdogo amesema atapita kuona hiyo fensi isiyo na nguzo.

Ukija, kuna ndoo ya maji mlangoni. Pangusa miguu kwanza.